Waliokosa Walichagua Nini?
Msikilizaji, Baraza la Mitihani, NECTA, huchapisha uchambuzi wa majibu ya darasa la saba, likionyesha asilimia ya waliochagua kila herufi ya jibu katika maswali ya kuchagua. Sisi huishia kuuliza wangapi wamepata. Mimi ningeanza na waliokosa.

Chukua nusu jumlisha theluthi. Wengi wakichagua mbili ya tano, hawakubahatisha: wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Hilo ni somo la kurudiwa. Makosa yakitawanyika sawasawa, huenda walipiga ramli tu. Na herufi isiyoguswa na yeyote, kwa nini iliwekwa?

Mwalimu wa Tura, huko Uyui kwenye Reli ya Kati, hahitaji kompyuta kufanya uchambuzi kama huo darasani. Kalamu na karatasi za jaribio zinatosha. Walimu wakuu, hesabuni makosa kabla ya kufungua mada mpya.