Kuizunguka Ghuba ya Winam kwa Baiskeli

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Kisumu mbele ya mkutano wa vijana wa makanisa mbalimbali.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya safari ya baiskeli niliyoifanya pamoja na rafiki yangu, kutoka hapa Kisumu, kuizunguka Ghuba ya Winam, hata kurudi tena hapa hapa. Kwanza sina budi kupunguza sifa alizotuvika Bwana Mwenyekiti, maana amesema kana kwamba tumeizunguka dunia. Safari yetu ilikuwa ya kilometa zaidi ya 200, tukaimaliza kwa siku 7, na katika siku hizo moja nzima tulikaa kitako. Alikuwako mtu mmoja wa Poland, jina lake Kazimierz Nowak, ambaye mwaka 1931 aliondoka Tripoli kwa baiskeli, akashuka bara letu lote mpaka ncha yake ya kusini, kisha akageuka akapanda tena mpaka Algiers, akafika mwaka 1936. Mwendo wake wote ulikuwa kama kilometa 40,000. Baiskeli ilipochakaa alipanda farasi, akapanda ngamia, akapiga makasia. Alikwenda peke yake, akarudi kwao, na mwaka uliofuata akafa. Huyo ndiye wa kusifiwa kwa nguvu za miguu. Mimi sikuwa peke yangu, na neno nililo nalo ni juu ya huyo niliyekuwa naye.

Ghuba hii mwaijua. Zamani za ukoloni iliitwa Ghuba ya Kavirondo. Ni mkono wa Ziwa Victoria ulioingia ndani ya nchi yetu kutoka magharibi, nasi watu wa Kisumu tumekaa penye vidole vyake. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa tarehe 20 Desemba, 1901. Miaka 5 baadaye, yaani 1906, misheni mbili zilisimama katika kingo mbili za maji haya. Upande wa kaskazini J. J. Willis wa C.M.S., aliyetokea Uganda, alianza kazi Maseno. Upande wa kusini Arthur Carscallen, Mkanada wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alivuka pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, wakakichagua kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Huyu Nyambo husahauliwa na wengi wanaosimulia habari za Gendia, nami naona si haki. Alitoka mbali kuliko wengi wetu tutakavyokwenda maishani mwetu, na mwaka 1914 ndiye aliyepeleka London malalamiko ya watu wa Nyasaland na Rhodesia.

Basi, tangu mwaka ule wa 1906, watu wa lugha moja na damu moja wakawa na siku mbili za Bwana. Sisemi kwamba maji yaliwagawa kama kisu. Wako Wasabato wengi kaskazini, wako Waanglikana kusini, na Wakatoliki wako kila mahali. Lakini zimo nyumba ambazo mgawanyo huo uliingia mpaka jikoni, na yetu ilikuwa moja.

Dada yangu mkubwa aliolewa ng'ambo, katika kijiji kisicho mbali na Gendia, akaingia katika kanisa la mumewe, akabatizwa tena kwa kuzamishwa majini. Marehemu Baba alikuwa mzee wa kanisa katika vilima vya Maseno. Aliposikia kwamba mtoto wake amebatizwa mara ya pili, alisema kwamba huko ni kusema ubatizo wa kwanza ulikuwa maji matupu. Hakugombana na mtu. Hakutukana. Aliacha tu kwenda. Miaka 11 ikapita, akafa pasipo kukanyaga uani kwa binti yake. Dada alikuja mazishini, akarudi kwake kesho yake, na tangu hapo Mama hakuwa akimtaja sana.

Sasa niwaambie habari za rafiki yangu. Ni mwalimu wa shule, naye ni Msabato. Mimi kazi yangu ni kufasiri nyaraka za Serikali. Tulipokuwa vijana tulipanga chumba kimoja hapa mjini. Jumamosi yeye alikwenda kanisani, mimi nikafua nguo. Jumapili mimi nilikwenda kanisani, yeye akafua. Nguo zetu hazikupata kukutana kambani hata siku moja, wala sisi hatukupata kugombana juu ya jambo hilo. Ndiye aliyesema, "Twende kwa dada yako. Lakini tusiende kwa basi, maana mtu akienda kwa basi hufika kabla hajafikiri atasema nini." Nilipompasha Mama habari, alinyamaza kitambo, kisha akaingia ndani akaleta Biblia ya Baba, ile ya Kijaluo ambayo yote kamili ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Akasema, "Mpelekee." Hakuongeza neno.

Tuliondoka siku ya Alhamisi alfajiri. Baiskeli zetu zilikuwa za kawaida, nyeusi, nzito, zile mnazoziona zikibeba magunia ya makaa, hazina gia. Biblia niliifunga kwenye karia ndani ya mfuko wa nailoni, juu yake blanketi. Njia ya Ahero ni tambarare tupu, uwanda wa Kano wenye mashamba ya mpunga, na mtu asiyeijua hudhani kwamba nchi tambarare ni rahisi kwa baiskeli. Si kweli. Kilima hukupa mteremko baadaye. Upepo wa uwanda haukupi kitu. Tulivuka mto Nyando, tukalala Katito.

Ijumaa ndipo mambo yalipokaza. Mpango wetu ulikuwa kufika kwa dada kabla ya jua kutua, maana kwa Wasabato siku ya Sabato huanza jua linapokuchwa siku ya Ijumaa, na tangu hapo rafiki yangu hapandi baiskeli. Kabla ya kufika Kendu Bay, spoku tatu za gurudumu lake la nyuma zilikatika moja baada ya nyingine, na gurudumu likaanza kucheza kama mlevi. Tukazikokota baiskeli hata Kendu Bay, tukamkuta fundi chini ya mti. Alikuwa anakunja vyombo vyake. Mtakumbuka kwamba Kendu Bay ni mji wenye Waislamu tangu zamani, na msikiti wao wajulikana sana. Fundi alikuwa mmoja wao, na saa ile ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa.

Nikamwambia, "Mzee, tafadhali, spoku tatu tu. Rafiki yangu ana haraka ya sala yake."

Akanitazama, akacheka, akasema, "Nami nina haraka ya sala yangu. Ketini kivulini, wanangu. Nikirudi nitaanza na ninyi."

Tukaketi. Ndugu zangu, mimi mwana wa Maseno nilikuwa nimekaa hapo nikimngoja Mwislamu amalize Ijumaa yake ili Msabato aiwahi Jumamosi yake, nami Jumapili yangu ingali mbele. Mzee yule alirudi kama alivyoahidi. Walikuwako wateja wawili waliotutangulia, akawaomba radhi, akalishika gurudumu letu. Alitia spoku, akalizungusha, akalisikiliza kwa sikio kama daktari asikilizavyo kifua, akakaza hapa na kulegeza pale mpaka likanyooka. Alichukua fedha ya spoku, akakataa ya kazi. Tulipanda mbio, na tulipoingia uani kwa dada jua lilikuwa bado kidogo kugusa maji.

Yaliyotokea pale sitayaeleza yote, maana mengine ni ya nyumbani. Niliifungua blanketi, nikatoa ile Biblia, nikampa. Dada aliitambua kwa jalada lake tu. Aliifungua pale mwanzoni, ambapo Baba alikuwa ameandika kwa mkono wake majina ya watoto wake wote na siku za kubatizwa kwao. Jina lake lilikuwapo, na siku yake ilikuwapo. Baba hakulifuta. Dada aliketi juu ya kigoda cha jikoni akakaa hivyo mpaka giza likaingia, na shemeji ndiye aliyewasha taa.

Jumamosi nilikwenda nao kanisani. Mchana, baada ya chakula kilichopikwa tangu Ijumaa, shemeji alitutembeza mpaka ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo maji yake ni ya magadi, na ndege heroe huja huko. Hadithi yake wengi mwaijua. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu walikuwa wakila na kunywa, akaja bikizee mchovu akaomba mahali pa kujihifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Bikizee akamwambia atoke kijijini upesi, na nyuma yake kijiji chote kikazama, maji yakakifunika. Wataalamu wa mawe husema shimo lile ni kazi ya moto wa volkeno uliopasuka kutoka chini. Sioni kwamba maneno haya mawili yanagombana. Moja laeleza shimo, la pili laeleza kwa nini mama zetu hawamwachi mgeni alale njaa.

Jumapili dada alitusindikiza, akatupa kuku jike hai kwa ajili ya Mama. Kuku huyo alitutaabisha kuliko vilima vyote, na tangu hapo safari yetu ilikuwa ya watu watatu. Njiani nilihudhuria ibada katika kanisa letu dogo, na rafiki yangu akaketi kando yangu tangu mwanzo hata mwisho, akiwa amemshika kuku mapajani. Tukalala Homa Bay. Jumatatu tulipanda na kushuka hata Mbita, palipo mlango wa ghuba, mahali ambapo miaka ya 1980 palijengwa tuta la kuunga kisiwa cha Rusinga na nchi kavu. Hapo goti langu la kulia lilikuwa limevimba kama embe.

Jumanne tulipanda kivuko kwenda Luanda K'Otieno. Huko upande wa pili niliona lori linakwenda Kisumu, na utingo wake akatuita. Nafasi ilikuwapo, hata ya baiskeli. Rafiki yangu hakusema "panda" wala "usipande." Alifungua mizigo yangu yote akaihamishia kwenye karia yake, pamoja na kuku, akasema, "Tuombe kwanza, halafu useme wewe." Tukaomba kando ya barabara. Sikuambiwa kitu na sauti yoyote, wala goti halikupona. Nilipanda baiskeli, tukaenda polepole. Kila penye kilima nilishuka nikaikokota, naye akashuka pia, ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Tulifika Ndori usiku.

Jumatano tulipofika Kisian, badala ya kuteremka moja kwa moja mjini, tulipanda kwenda Maseno. Kilima kile ni kirefu, na juu yake ndipo unapopita mstari wa ikweta. Nilipokuwa nikivuta pumzi nilimkumbuka Willis. Watu humtaja kwa ajili ya shule, lakini liko jambo jingine lake. Mwaka 1913, akiwa Askofu wa Uganda, aliongoza mkutano wa misheni za Kiprotestanti kule Kikuyu, wakitafuta njia ya kushirikiana, na mwishoni wakashiriki meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akawashitaki wote wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wameiacha imani. Fitina ile ilivuma mpaka Uingereza. Hivyo si nyumba yetu tu iliyoumia kwa mambo haya. Maaskofu nao yaliwashinda.

Mama alikuwa uani akianika mahindi. Alimpokea kuku, akampapasa kifua kuona kama amenona, akauliza, "Watoto wake wangapi sasa?" Nikamwambia wanne. Akamkaribisha rafiki yangu kiti, akamwita mwanangu. Tulipokwisha kunywa chai aliniuliza, "Ile siku yao huanza lini hasa?" Rafiki yangu akajibu badala yangu, "Ijumaa, Mama, jua likitua." Akafikiri, kisha akasema, "Basi mwambieni aje Ijumaa mchana, asichelewe njiani. Jumamosi hatapika. Nitapika mimi siku ya Ijumaa."

Tuliteremka Kisumu jioni ile, breki zikilia. Dada alikuja mwezi uliofuata, siku ya Ijumaa, mnamo saa tisa, pamoja na watoto wote wanne.

Bwana Mwenyekiti amenidokeza kwamba wako vijana watakao kutufuata safari nyingine. Tunatazamia kwenda Port Victoria, Mungu akipenda. Atakayekuja awe na pampu, mipira ya ndani miwili, na spoku za akiba. Tutaondoka Jumapili adhuhuri, baada ya ibada, na kabla ya Ijumaa jioni tutakuwa tumerudi.