Kilo ya Mwani na Mfuko wa Pamoja



Tunapotafakari haki na amani, hatuna budi kuitazama pwani ya Jambiani maji yanapokupwa. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza hapa na Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wakulima wengi ni akina mama: huchomeka mambo, hufunga mbegu kwenye kamba kwa tai-tai, huvuna na kuanika. Mwani huo hupelekwa ng'ambo, ukatolewa utomvu wa kuzitia uzito aiskrimu na dawa ya meno. Lakini bei hupangwa na mnunuzi, ambaye mara nyingi ndiye aliyetoa kamba kwa sharti la kuuziwa yeye. Mkulima aliye peke yake atajibu nini?

Tunapendekeza mfuko wa pamoja. Mkulima, msindikaji na mnunuzi wachangie kiasi kidogo kwa kila kilo, fedha hizo zitafute masoko, zilinde ubora na kuutangaza mwani wa Unguja. Tangazo la mmoja huwanufaisha wote, na kwa sababu hiyo hakuna aliye tayari kuligharamia peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, mfuko ulio mbali na wenyewe ni hatari. Chama kikuu cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kiliwauzia wakulima wa Kilimanjaro kahawa yao kwa pamoja. Mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Katika korosho, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha nje ilitengwa kuendeleza zao. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Hazina.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mchango ulingane na faida ya kila mmoja. Pili, akina mama wawe wengi katika kamati, kwa kuwa jasho ni lao. Tatu, hesabu zisomwe hadharani kila msimu.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Haki hiyo si ya Wakristo pekee. Jirani zetu Waislamu ndio wengi kijijini, nao hushika kamba ileile. Tuketi nao, tuyapange haya kabla ya mavuno yajayo.

Mungu awabariki.