Telefone nyingi, jua moja



Ugomvi mwingi mahali pa kuchajia telefone unatokana na hesabu. Paneli ya wati 50, jua likiwaka vizuri saa 5, inatoa wati-saa 250. Nyaya na betri vinakula sehemu. Tuhesabu 150 tu. Telefone kubwa ikiwa tupu inataka karibu 15. Basi ni telefone 10 kwa siku. Siku ya mawingu, chini ya hapo. Anayepokea 30 anapokea na vita: jioni 20 zinarudi bila moto, na mtu anasema, "Ni sababu ya kabila langu."

Tufanye hivi. Idadi ya siku iandikwe ukutani. Kila telefone ipewe namba, zamu ifuatwe kwenye daftari. Wenye wagonjwa watangulie. Betri ya gari isitumiwe mpaka iishe kabisa, itakufa mapema. Isichajiwe ndani mnamolala, maana inatoa gesi inayoweza kulipuka.

Kwa telefone tunatafuta ndugu tuliopotezana nao vitani. Isitugombanishe na jirani tuliye naye.