Sukari na Njia Nyembamba za Damu

Leo twataka kueleza jinsi ugonjwa wa kisukari unavyoharibu mwendo wa damu, na kwa nini mkulima mwenye ugonjwa huo hana budi kuitunza miguu yake.

Ndani ya damu mna chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Ukigawanya milimita moja mafungu 1,000, upana wa chembe moja ni kama mafungu 7 au 8. Lakini katika mishipa iliyo midogo kabisa, mingine upana wake ni mafungu 5 tu. Je, chembe hupitaje? Hujikunja zikapenya, kisha hurudia umbo lake.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, mambo mawili hutokea. Kwanza, hushikamana na chembe hizo, nazo hukakamaa zisikunjike vema. Pili, kuta za mishipa midogo hunenepa na kuharibika. Basi wachukuzi wamekuwa wagumu, na njia yenyewe imeharibika. Hapo huumia macho, mafigo, na mishipa ya fahamu ya miguu.

Mishipa ya fahamu ikifa, mguu hausikii maumivu. Mkulima hukanyaga mwiba katika shamba la ufuta au chini ya mikorosho, asijue. Kidonda huoza kimya, na damu ya kukiponya haifiki ya kutosha. Wengi husema, "Hakiumi, basi si kitu." Sisi twasema, kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa, maana kikiachwa huweza kumpotezea mtu mguu.

Wala tusidhani kwamba wagonjwa ni wachache. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa watu wapata 9 katika kila 100, wa umri wa miaka 25 hadi 64, walikuwa na kisukari.

Chembe nyekundu huishi siku kama 120. Kwa hiyo daktari akipima sukari iliyoshikamana nazo, hujua hali ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Lakini mwenye selimundu, au aliyepungukiwa damu kwa malaria, na amwambie daktari, kwa kuwa chembe zake hufa mapema na kipimo chaweza kudanganya.

Basi mwenye kisukari na atumie dawa kama alivyoagizwa. Na avae viatu shambani, wala asiote miguu motoni. Kila jioni atazame nyayo zake, hata katikati ya vidole. Na kama macho yamepungua nguvu, mtoto amtazamie. Akiona lengelenge au kidonda, aende zahanati siku ile ile.

Nanyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, wasomeeni wazee nyumbani.