Vijiji vya Theluji na Stesheni Yetu ya Kaliua

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wahitimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme maneno machache, aliniachia nichague mada mwenyewe. Nimechagua mchezo wa skii. Nasikia vicheko huko nyuma, na ni haki yenu kucheka. Mtu wa Kaliua, ambako mwezi wa Oktoba hata mbwa hugombea kivuli, ana habari gani na theluji? Ninazo kidogo, kwa sababu kazi ya reli ilinipeleka Uswisi kwa mafunzo ya miezi tisa, na minne kati ya hiyo ilikuwa ya baridi kali. Lakini sikusimama hapa kusimulia safari. Nimesimama kwa sababu vijiji vidogo nilivyoviona kule milimani vina jambo la kutufundisha sisi watu wa stesheni.

Kwanza niwaeleze wadogo zetu mchezo wenyewe. Mtu hufunga miguuni mbao mbili nyembamba, ndefu karibu sawa na kimo chake, zilizopinda mbele kama ncha ya mtumbwi. Hushika fimbo mbili, kisha huteremka mlima. Msuguano huyeyusha theluji kidogo sana chini ya ubao, na ule unyevu ndio unaotelezesha. Ili ubao uteleze vizuri zaidi hupakwa nta. Siku hizi nta hizo hutengenezwa viwandani, lakini zamani watu walichanganya lami ya msonobari na vitu vingine, nta ya nyuki ikiwamo. Niliposikia hayo nilicheka peke yangu, maana nani asiyejua nta ya nyuki katika mkoa huu wa Tabora?

Sasa tuje kwenye vijiji. Wengi wetu tukisikia Uswisi tunafikiria benki na saa za mkononi. Miaka 150 iliyopita watu wa milimani kule walikuwa maskini hasa. Bonde ni jembamba, majira ya joto ni mafupi, na ng'ombe hulishwa nyasi kavu ndani ya zizi kwa miezi mingi. Katika jimbo la Graubünden, wazazi wasioweza kulisha watoto wao waliwatuma kila mwaka, majira ya baridi yalipokwisha, kuvuka milima kwa miguu hadi Ujerumani ya kusini. Huko walichunga mifugo ya matajiri, na vuli ilipofika walirudi na nguo mpya na fedha kidogo. Desturi hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Ndugu zangu, habari hiyo haiwakumbushi kitu? Babu zetu Wanyamwezi nao walikuwa watu wa majira. Mvua zilipokwisha na mavuno yakaingia ghalani, vijana walishika njia ya pwani wakiwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 au 70 begani. Waliteremka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo na shanga. Aliyeweza alijitahidi arudi kabla ya mvua za kupandia. Msafara ulikuwa kazi ya kiangazi, na shamba lilikuwa kazi ya masika. Hakuna aliyeona kwamba kazi moja inamfukuza nyingine.

Huko milimani reli ilifika kabla ya huku kwetu. Kijiji cha Mürren kiliunganishwa mwaka 1891, na Wengen, ng'ambo ya bonde, mwaka 1893. Kwanza walikuja wageni wa majira ya joto, kutazama milima. Baadaye Waingereza wakapenda kuja wakati wa baridi pia, na walichangia sana kuugeuza mteremko wa skii kuwa mchezo wa mashindano. Mürren ndipo Mwingereza Arnold Lunn alipotayarisha mwaka 1922 shindano la kupita kwa kasi kati ya vijiti vilivyochomekwa mteremkoni. Mwaka 1931 mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huo yalifanyika hapo hapo, katika kijiji ambacho hata leo kina wakazi wapatao 400 tu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mpaka leo huwezi kufika Mürren wala Wengen kwa gari lako. Unaliacha bondeni, unapanda treni au kigari kinachoning'inia kwenye waya. Kwa hiyo usiku kijiji kimenyamaza kabisa, na unasikia maji ya kijito yakipita chini ya barafu. Nyumba ni za mbao zilizopigwa na jua hadi zikawa nyeusi, na kuni zimepangwa ukutani kwa unadhifu kama vitabu. Mzee aliyenikaribisha alikuwa mfugaji wa ng'ombe 14. Alfajiri alikamua maziwa, na saa tatu asubuhi alikuwa amevaa sare, akisimamia mtambo unaovuta watu kupanda mlima. Wageni waliteleza juu ya malisho yake mwenyewe. Katika vuli yeye na jirani zake hung'oa ua ili njia iwe wazi, na kampuni ya mtambo huwalipa kwa hilo. Theluji ikiyeyuka, nyasi zinaota, na ng'ombe wanarudi. Nilimwona mzee yule kuwa mpagazi wa majira kama babu zetu, ila yeye mzigo unakuja mlangoni kwake.

Swali langu likawa hili: je, waliwezaje kukaribisha watu wengi hivyo bila kupoteza malisho? Jibu nililipata kwenye kijiji kingine, Törbel, katika jimbo la Valais. Wanakijiji wa pale waliandikiana kanuni mwaka 1517 kwamba mtu asipeleke kwenye malisho ya pamoja ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi. Tajiri hakuweza kununua ng'ombe mia kwa muda na kuwamwaga juu ya nyasi za wote. Bibi Elinor Ostrom wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikitaja kijiji hicho kuonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa karne nyingi bila polisi wala mwenye shamba mkubwa.

Lakini nisiwapambie. Vijiji vingine viliuza. Matajiri wa mijini walinunua viwanja na kujenga nyumba wanazolala majuma mawili kwa mwaka. Ukipita mwezi wa Mei unakuta madirisha yote yamefungwa. Bei ya kiwanja imepanda hata kijana wa kijiji hawezi kujenga alipozaliwa, na shule inakosa watoto. Jambo hili liliwaumiza Waswisi hata wakapiga kura ya nchi nzima Machi 2012, na kwa tofauti ndogo sana wakaamua kwamba nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia 20 katika kila wilaya ndogo. Mahali pengine sheria ilifika nyumba zimekwisha kuwa nyingi kupita kiasi hicho.

Na theluji yenyewe inapungua. Barafu ya milima ya Uswisi ilipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Vijiji vya chini hutengeneza theluji kwa mashine, na vingine vimefunga mitambo yao. Tusiwacheke, kwani barafu ya Kilimanjaro yetu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Na mwaka 1912 ndio huo huo reli ya Wajerumani ilipofika Tabora na kuanza kuizika njia ya wapagazi.

Hapo ndipo ninapotaka kutua. Kaliua ni mtoto wa reli. Njia ya Kigoma ilipita hapa ikafika ziwani mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Pili likachepushwa tawi la Mpanda, kwa ajili ya madini ya risasi. Wilaya yetu ilizaliwa mwaka 2012. Mkataba wa reli mpya ya kisasa, kipande cha Tabora hadi Kigoma, ulitiwa saini mwaka 2022. Reli ikija, watu watakuja, na wenye fedha watakuja mbele yao. Je, watatukuta tumejiandaa?

Mali yetu ya pamoja si theluji. Ni miombo, nyuki, na maji ya Mto Ugalla. Miti hiyo ndiyo inayokausha tumbaku, na kila mmoja wetu hapa ameona msitu unavyorudi nyuma mwaka hadi mwaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kuupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya nani anapewa ardhi. Sauti hiyo haina maana wanakijiji wasipohudhuria. Mimi ningependa vijiji vinavyotuzunguka viandikiane kanuni yao kama ya Törbel: mtu asikaushe tumbaku nyingi kuliko kuni za miti aliyoipanda mwenyewe. Ni sentensi moja tu. Sisi wahitimu tunaweza kuanza kwa kuchangia kitalu cha miche hapa shuleni, na nimemkabidhi mweka hazina mchango wangu asubuhi ya leo.

Kwenu wadogo zetu nina neno moja la mwisho. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyeanza kujifunza skii Finland miaka miwili tu kabla, alishiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka. Alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie, naye akarudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Msiogope kujifunza jambo lisilokuwa la kwenu. Lakini mkishajifunza, kumbukeni desturi ya wapagazi: mvua ikikaribia, rudini nyumbani mlime.