Jinsi Mtunzi Mchanga Apatavyo Wasomaji

   Chukua kalamu na karatasi, maana leo tutahesabu mizani.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kutunga: vina, mizani, beti na kituo. Leo nataka tuzungumze habari ya jambo linalokuja baada ya kutunga. Shairi umekwisha kulitunga. Je, nani atakusoma?

Tumchukue kijana mmoja wa Kilwa, au wa Lamu, au wa Ujiji, popote mpendapo. Ametunga mashairi ishirini. Vina vimekaa sawa, mizani imetimia. Ameyapeleka gazetini, mawili yamechapwa, kumi na manane hayakuonekana tena. Na yale mawili yaliyochapwa hayakusemwa lolote, jema wala baya. Kijana huyu hakusifiwa, hakusahihishwa, hata kutukanwa hakutukanwa. Ukimya wa namna hii huwavunja moyo watunzi kuliko lawama. Baada ya mwaka ataweka kalamu chini, ataamini kwamba hana kipaji, na huenda kipaji anacho. Yako madaftari ya mashairi yaliyoliwa na mchwa sandukuni kwa sababu tu wenyewe walidhani hakuna wa kuyasoma.

Basi kijana wetu alikosa nini? Alikuwa akisema peke yake. Fikiri mtu anayefika barazani, amewakuta watu wamekaa wanazungumza habari ya mvua na bei ya nazi. Yeye hasalimu, haketi, hasikilizi. Anasimama katikati na kuanza kueleza habari za babu yake. Hata kama habari za babu yake ni tamu, watu watamtazama kidogo, kisha watarudia mazungumzo yao. Mwenye adabu huketi kwanza akasikiliza, halafu akamjibu mmoja wao. Na akijibu neno zuri, watu humgeukia wakaulizana: “Huyu ni nani? Katoka wapi?” Hapo ndipo atakapopata nafasi ya kumtaja babu yake.

Ukurasa wa mashairi nao ni baraza. Washairi wetu wa kale walilijua jambo hili kabla ya magazeti kuwapo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu yapata mwaka 1776 hata 1840, hakutunga kwa ajili ya sanduku lake. Katika siku za ugomvi wa Mombasa na Lamu, miaka ya 1810, maneno yake yaliwafikia watu wa Lamu, na huko Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, naye akajibu. Tazameni faida yake. Shairi la kujibu halieleweki vema bila lile lililojibiwa. Kwa hiyo anayelihifadhi moja hana budi kulihifadhi na la pili, na kila mmoja humbeba mwenzake. Mashairi ya Muyaka yalikaa vifuani mwa watu wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walipoyakusanya katika karne ya 19, na diwani yake ikapigwa chapa mwaka 1940. Kule Pemba nako hutajwa Kamange na Sarahani, na mara nyingi hutajwa pamoja, kwa sababu walikuwa wakiandikiana.

Yalipokuja magazeti, desturi hiyo ilihamia humo. Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, likitolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika. Baraza likaanza Nairobi mwaka 1939. Magazeti hayo yalipokea barua na mashairi ya wasomaji. Shaaban Robert mwenyewe, alipokuwa bado karani wa forodha, mashairi yake yalisomwa katika Mambo Leo kabla hajawa na jina la vitabu. Mtu wa Tabora aliweza kumwuliza swali mtu wa Tanga asiyemjua kwa sura, akangoja toleo lijalo aone jibu.

Sasa jiweke mahali pa mhariri. Mezani ana mashairi hamsini, na nafasi ya matano. Shairi lako juu ya uzuri wa alfajiri halina ubaya, lakini hakuna anayelingoja. Lile linalojibu swali lililochapwa toleo lililopita linangojwa na wote waliolisoma swali, na zaidi ya wote linangojwa na mwenye swali. Wasomaji hao hukuwatafuta wewe. Mwenzio ndiye aliyewakusanya. Kwa hiyo wewe ni mgeni wake, nawe ukae kama mgeni.

Tufanye mfano. Ubeti huu nimeutunga kwa ajili ya somo letu. Tuseme ni swali la mtunzi mmoja:

Nina swali waungwana, kwenu nimeshalileta,
Jembe na wavu naona, vyote riziki huleta,
Lakini vikipambana, kipi kitakachopita?
Semeni wenye maana, jembe au wavu bora?

Hesabuni: nane kwa nane, mstari mzima kumi na sita. Vina vya kati ni “na”, vya mwisho ni “ta”, na kituo kimeishia kwa “ra”. Watunzi wengi wachanga wakiona ubeti huu wataleta majibu ya namna mbili yasiyofaa. Wa kwanza ataandika: “Malenga, shairi lako limenipendeza mno, hongera, endelea hivyo hivyo.” Huyu hakusema kitu. Ukilitoa jina la malenga, maneno yake yanaweza kupelekwa kwa mtunzi yeyote, juu ya shairi lolote, hata lile ambalo hakulisoma. Wa pili ataandika mstari mmoja wa salamu, kisha ataanza kutangaza mashairi yake mwenyewe na mahali yanapopatikana. Huyu ni mbaya kuliko wa kwanza. Amealikwa chakula, naye ametandika bidhaa zake juu ya mkeka wa mwenyeji.

Sasa sikilizeni jibu la mtu aliyelifikiri swali:

Swali lako nimesoma, nami jibu naliweka,
Wavu umekuja nyuma, jembe mbele lilifika,
Kwa pamba ya mkulima, wavu ulitengezeka,
Ndipo kwa haki nasema, jembe ndilo lilo bora.

Mtunzi huyu amefanya nini? Amefuata bahari ya mwenzake. Vina vya ndani amebadili, lakini kituo amekirudisha pale pale, kwenye “bora”, hata anayesoma ajue bila kuambiwa kwamba hili ni jibu la lile. Jambo kubwa zaidi, ameleta neno ambalo halikuwamo katika swali: kwamba uzi wa wavu ulikuwa wa pamba, na pamba hulimwa. Nyavu za siku hizi ni za nailoni, najua, lakini wazee wetu walivulia nyuzi zilizotoka shambani. Msomaji aliyefika kusoma habari ya jembe na wavu ataondoka na kitu alichopewa na huyu mtunzi mchanga, naye atalitazama jina lililoandikwa chini.

Tena, jibu hili halikufunga mlango. Mvuvi mmoja wa Pangani au wa Kojani akilisoma atacheka, kisha atauliza: je, dema nalo ni la pamba? Dema husukwa kwa fito, na samaki huingia. Na uzio wa kuvulia, umelimwa na nani? Basi mvuvi atashika kalamu, nawe utakuwa umejibiwa. Mtunzi aliyejibiwa si mtu wa kusema peke yake tena. Usitake sana kushinda. Jibu linalowanyamazisha watu wote ni jibu lililoua mazungumzo, na mazungumzo yakifa wasomaji hutawanyika.

Labda utaniuliza: nimjibu nani? Hapa ndipo wengi hupotea. Kila mchanga hutaka kumjibu malenga mkubwa, aonekane amesimama karibu naye. Lakini malenga mkubwa akiuliza swali hujibiwa na watu thelathini, na sauti yako itazama humo. Mjibu, si vibaya, ikiwa unalo neno. Ila usimpite yule mchanga mwenzio aliyechapwa mara moja katika pembe ya ukurasa, asijibiwe na mtu. Mtu huyo ameshika gazeti kila siku akitafuta dalili kwamba amesikika. Ukimwandikia beti nne za kumjibu kwa makini, ukamwonyesha kwamba ubeti wake wa tatu umekufikirisha, atalikumbuka jina lako kwa miaka. Kila utakapochapwa atakusoma, atawasomea na wenziwe. Mimi nawathamini wasomaji kumi wa namna hii kuliko mia waliopita mbio. Wala usifanye hivi kwa hesabu ya kulipwa. Ukihesabu, hesabu itaonekana katika maneno yako.

Ukitaka kupinga, pinga hoja, usimguse mtu. Majibizano yetu yanaruhusu mzaha, tena mzaha mkali, lakini ukimtaja mwenzio umasikini wake au kabila lake, wasomaji watakuja kweli, watakuja kama wanavyokuja kutazama nyumba inayowaka. Wakisha kutazama huenda zao. Na yako mashairi yasiyofuata vina, kama yale ya Euphrase Kezilahabi katika kitabu chake Kichomi cha mwaka 1974, yaliyozua mabishano makubwa. Ukimjibu mtunzi wa namna hiyo, jibu neno alilolisema. Usitumie beti sita kumwambia kwamba hana vina, hilo analijua.

Jina lako liwe moja. Wengine leo hujiita hivi, kesho vile, na msomaji hawezi kumtafuta mtu mwenye majina matano. Andika na mahali ulipo. Tena jibu mapema. Siku hizi shairi hufika kwa simu kabla chai haijapoa, kwa hiyo huna udhuru wa kujibu swali watu walilokwisha kulisahau. Lakini mapema si haraka. Lisome shairi la mwenzio mara tatu, na mara moja kati ya hizo lisome kwa sauti.

Neno moja bado. Wasomaji wakiulizana “huyu ni nani?” watatafuta kazi zako. Wakikuta huna ila majibu kwa watu wengine, hawatakaa. Kwa hiyo yule kijana wetu asiyatupe mashairi yake ishirini. Ayasahihishe, ayaweke tayari. Kila akijibu mara mbili au tatu, alete na shairi lake mwenyewe. Na likiweza kuwa na swali ndani yake, ni bora, ili naye apate wageni.

Kazi ya juma hili ni mbili. Kwanza, tunga ubeti mmoja wa kuutetea wavu dhidi ya jembe, kituo kiishie kwa “bora”, mizani kumi na sita kila mstari. Dema nimekwisha kukutajia, kwa hiyo tafuta hoja nyingine. Pili, chukua gazeti lolote lenye ukurasa wa mashairi, mtafute mtunzi usiyemjua jina, umjibu kwa beti nne, na jibu lipeleke kwa mhariri kweli, lisibaki daftarini. Wenye darasa la jioni wasomeane majibu yao kabla ya kuyapeleka, na kila mmoja ahesabu mizani ya mwenzake kwa vidole.

Juma lijalo tutatazama ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza sana nchini Tanzania katika miaka ya 1960, na namna watu wawili wanavyoweza kuzisema mbele ya hadhara. Atakayeweza aje na mwenzake. Kwaherini.