Mtoto Akilala, Wewe Unalala?

Mada: Usingizi wa akina mama
Mahali: Gisozi, Kigali

[Muziki wa kufungua. Unapungua taratibu.]

Ndugu msikilizaji uliye Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa au Mahama, na wewe uliyepanga chumba hapa mjini, kipindi cha leo kinatoka Gisozi, Kigali.

Kila asubuhi tunasalimiana, "Umelalaje?" Jibu ni lilelile, "Salama." Mama aliyekesha na mtoto anajibu salama. Mama aliyesikiliza mvua ikipiga bati mpaka alfajiri, naye anajibu salama. Leo tusiishie kwenye salamu.

Ukipita Gisozi mchana unasikia misumeno. Hapa ndipo penye Gakinjiro, soko la maseremala, na vitanda vya mbao vinauzwa kwa wingi. Kitanda utakinunua. Usingizi haununuliwi.

Gisozi hiihii pia kuna Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Yalifunguliwa mwaka 2004, na hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Wako akina mama katika nchi hii ambao tangu 1994 usiku ni mzito kwao, na kumbukumbu zikianza kila Aprili 7, unazidi kuwa mzito. Mwaka 1995 wajane walionusurika waliunda chama chao, AVEGA Agahozo. Neno hilo "agahozo" lina mzizi mmoja na "guhoza", kumtuliza anayelia, kama tunavyotuliza mtoto usiku. Sisi tuliokimbia vita vyetu tunaelewa. Mama anayetuliza wengine, naye anahitaji wa kumtuliza.

[Muziki mfupi.]

Mama zangu, dada zangu, kukosa usingizi kuko kwa namna mbili, na dawa zake si moja.

Namna ya kwanza ni pale unapoamshwa. Mtoto mchanga tumbo lake ni dogo. Ananyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku, kwa hiyo kuamka kila saa mbili au tatu ni kawaida. Hana kosa, na hajarogwa. Tena kunyonyesha usiku kunasaidia maziwa yasipungue. Hapa mama anakosa nafasi tu. Ukimpa nafasi, analala kabla hujafunga mlango.

Dawa ya namna hii ni mikono. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana.

Wababa, naongea na ninyi kwa heshima. Baba hana ziwa, lakini ana mikono. Mama akimaliza kunyonyesha, mchukue mtoto, mweke begani acheue, mbadilishe nguo, mrudishe. Mama atakuwa amepata nusu saa. Asubuhi chota maji wewe. Kama unaona aibu, sikiliza habari hii. Hapa Rwanda kuna mafunzo ya wazazi yanaitwa Bandebereho. Yalifanyika pia wilaya ya Karongi, ileile yenye kambi ya Kiziba. Watafiti waliwafuatilia wanandoa karibu 1,200. Wababa waliopata mafunzo walitumia karibu saa nzima zaidi kila siku kwa watoto na kazi za nyumbani kuliko wale ambao hawakuyapata, na vipigo nyumbani vilikuwa vichache zaidi. Ni wanaume kama ninyi, wa vilima hivihivi.

Na mama uliye peke yako? Kwenu wengi tulicheza likelemba. Hapa jirani zetu wana ikimina. Kila mmoja anatoa kidogo, na kila mmoja anapokea kwa zamu. Basi fanyeni likelemba ya usingizi. Mama wanne, kila mmoja anatoa saa mbili za mchana. Jumatatu watoto wote wako kwa mama wa kwanza, na mmoja kati ya wale watatu, ambaye ni zamu yake kupokea, analala. Siyo kufua, siyo kupanga mstari wa chakula. Analala. Kesho zamu ya mwingine. Haihitaji faranga hata moja. Chagueni wale mnaoaminiana.

Uchovu unaweza kuua, kwa hiyo mambo matatu ya usalama. Kwanza, usilale na mbabula yenye makaa ndani ya nyumba, hata kama ni baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na familia nzima inaweza kufa usingizini. Pili, ukiona usingizi unakuzidi, usibaki umekaa na mtoto mikononi. Mlaze chali, ndani ya chandarua. Tatu, usinywe pombe ili ulale, na usimeze vidonge vya usingizi alivyokupa jirani. Kama unanyonyesha, vinaweza kumfikia mtoto.

[Muziki mfupi.]

Sasa namna ya pili. Mtoto amelala. Nyumba imetulia. Hakuna anayekuamsha, na wewe macho mpaka asubuhi. Au unalala kidogo, unaona tena mambo ya njiani, unashtuka moyo unadunda. Au unalia bila kujua sababu, chakula hakipiti, mtoto wako unamwona kama wa mtu mwingine.

Hii mikono peke yake haitoshi. Ikidumu zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya, au anza kwa mhamasishaji wa afya wa mtaa wako. Sema wazi, "Mtoto akilala, mimi silali." Wataelewa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano anaugua akili baada ya kujifungua, hasa huzuni nzito. Siyo ukichaa, siyo kukosa imani, siyo uvivu. Ni ugonjwa, na una matibabu. Kama mawazo yanakuambia ujidhuru au umdhuru mtoto, usingoje kuche. Amsha jirani usiku huohuo, akusindikize.

Wengine hawalali kwa sababu wanamwogopa mtu aliye ndani ya nyumba. Mama, hilo nalo lina mlango. Kituo cha Isange kilianza Kacyiru, hapa jirani na Gisozi, mwaka 2009, na sasa huduma hiyo iko katika hospitali za wilaya. Wanapokea waliopigwa na waliobakwa, bila malipo.

Na sisi tulio karibu na huyo mama, tuache kusema "vumilia". Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, tunauona mwepesi kwa sababu hatujaubeba. Kesho asubuhi, baada ya "Umelalaje?", ongeza swali moja, "Mtoto akilala, wewe unalala?" Halafu ngoja jibu.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika mtaa wetu, nani analea peke yake, na nani atampa saa mbili wiki hii?
2. Ni kazi gani moja ya usiku baba anaweza kuichukua kuanzia leo?
3. Mama akihitaji msaada usiku wa manane, tutapita wapi na nani atamsindikiza?

Usiku mwema, hasa kwenu akina mama.

[Muziki wa kufunga.]